Shoga Yangu Anasema Mimi ni Tofauti

Assalaamu alaykum Bi Mwana,

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Nilikuja Hull, mji wa bandari huku Uingereza, mwaka 2008 nikimfuata mume wangu na tangu hapo sijahama. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Nimesoma safu yako miaka mingi nikidhani siku nikikuandikia itakuwa kwa ajili ya mume au mawifi. Kumbe ni kwa ajili ya shoga.

Nimwite Sue, si jina lake. Tulikutana kwenye zamu za usiku mwaka 2009. Mimi sikujua basi gani la kupanda wala baridi ya huku inavaliwa nini. Yeye ndiye aliyeninunulia glavu zangu za kwanza. Usiku mmoja akaniletea patty, chakula chao cha Hull: kiazi kilichopondwa, kikatiwa majani ya kunukia, kikachovywa rojo la unga na kutumbukizwa kwenye mafuta. Nikacheka nikamwambia hii ni kachori iliyosahau pilipili. Idd iliyofuata nikampelekea za kwetu, akala tano huku machozi yanamtoka, akaomba nyingine.

Kilichotufunga hasa ni bahari. Babake alikuwa mvuvi wa zile meli kubwa zilizokuwa zikienda mpaka maji ya Iceland kutafuta samaki aina ya cod. Babangu alikuwa mvuvi wa mtumbwi na jarife kwenye Ghuba ya Ungwana. Babake Sue alipoteza kazi baada ya Iceland kuwafungia maji mwaka 1976, asipate tena kazi ya maana mpaka akafa. Babangu alikuwa akirudi asubuhi nyavu zimeraruliwa na trola zilizokuja kuvua kamba usiku. Tulikuwa tukisimuliana haya saa tisa za usiku, wazee wamelala, na sikuhitaji kumweleza mara mbili maana ya baba kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2016 ilipokuja kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, Sue alipiga ya kutoka, mimi nikapiga ya kubaki. Ndiyo, mimi. Wengi hawajui kwamba sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa tuliruhusiwa kupiga kura ile, na jirani yangu Mpolandi aliyefika 2004 hakuruhusiwa. Hull ilipiga ya kutoka kwa asilimia karibu 68. Sikushangaa, wala sikukasirika, nilijua Sue anampigia babake. Aliyekasirika ni dadake, mwalimu kule Leeds. Krismasi ile hawakula pamoja, na mpaka leo wanatumiana kadi tu.

Kisha ikaja 2024. Mwisho wa Julai watoto watatu wa kike waliuawa Southport kwenye darasa la dansi, na mitandaoni ukaenea uongo kuwa muuaji ni mtu aliyekuja na mashua kuomba hifadhi. Alikuwa kijana mzaliwa wa Cardiff. Jumamosi, tarehe 3 Agosti, fujo zikafika kwetu. Hoteli ya karibu na stesheni walimokuwa waomba hifadhi ikapigwa mawe, duka la viatu Jameson Street likatiwa moto, Waromania wakavamiwa ndani ya gari lao mchana kweupe. Mimi zamu yangu ilikuwa inaisha na mabasi hayapiti. Simu ikalia. Sue: "Usitoke nje ya mlango. Nakuja." Alikuja. Akanivika koti lake lenye kofia juu ya mtandio wangu, akaniambia nilale kiti cha nyuma, akapita vichochoro ambavyo sijui alivijuaje. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kwenye usukani. Akanifikisha kwangu, na akakaa sebuleni mpaka saa tano usiku kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini.

Huyu ndiye ninayemsema, Bi Mwana. Nataka umjue kabla sijaendelea.

Njiani siku ile alitamka neno, nikajifanya sikulisikia. Alisema, "Wamekosea sana. Lakini watu wamechoka."

Mei 2025 tulichagua meya wa kwanza wa Hull na East Yorkshire. Akashinda Luke Campbell, bondia wetu aliyeleta dhahabu ya Olimpiki mwaka 2012, kwa tiketi ya chama cha Reform, kile kinachotaka wahamiaji wapunguzwe. Sue alimpigia, na akaniambia bila kificho. Agosti ikaja ile kampeni ya kutundika bendera ya England, nguzo za taa za mtaa zikavikwa msalaba mwekundu, na Sue akatundika yake dirishani. Dirisha lile lile kijana wangu alilokuwa akigonga akitoka shule. Nilimuuliza. Akasema ni bendera tu, hata kwenye mpira si tunatundika? Kweli wanatundika. Ila mimi tangu siku ile ya kulala kiti cha nyuma, nikipita njiani najikuta nazihesabu.

Tarehe 22 Septemba Nigel Farage, kiongozi wa Reform, akatangaza kwamba chama chake kikishika serikali kitaufuta ukaazi wa kudumu, hata kwa waliokwisha kuupata. Mimi ukaazi wangu ni wa 2014. Kijana wangu ana pasipoti ya Uingereza, mimi sina. Kila mwaka nasema mwaka huu naomba uraia, na kila mwaka pesa hupata njia nyingine: paa la nyumba ya mama, karo ya mdogo wangu, mazishi ya baba. Jioni ile Sue akasambaza ile habari kwenye Facebook akaongeza neno moja juu yake: "Hatimaye."

Nikavaa viatu nikaenda kwake. Nikamuuliza, "Sue, unajua kuwa huyo ni mimi?" Akacheka kidogo, kama aliyeulizwa swali na mtoto. "Si wewe bwana. Wewe ni tofauti. Wewe unafanya kazi. Nasema wale." Nikamuuliza wale ni kina nani. Akasema, "Tafadhali usianze." Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Hii ni wiki ya saba hatusemi. Na pagumu ni hapa: mamake Sue yuko kwenye makao ninakofanya kazi, upande wangu. Kumbukumbu zimemtoka karibu zote. Ni binti wa Hessle Road, mtaa wa wavuvi hapa Hull. Mwanzoni mwa 1968 zilipozama meli tatu za Hull katika wiki chache na wakafa wanaume 58, yeye, msichana bado, alikuwa miongoni mwa wanawake waliomfuata Lillian Bilocca, vitambaa kichwani, wakaenda kuwadai wenye meli wawalinde waume zao. Sasa akiuona mtandio wangu hunidhani mmoja wao. Hunishika mkono na kuniuliza, "Wamerudi?" Nami humjibu, "Wako njiani." Jumapili Sue akija hutukuta hivyo, tumeshikana mikono. Huniambia asante, ile asante ya kumwambia mtu wa dukani.

Mume wangu asema niachane naye, aliyekupigia kura ufukuzwe si rafiki. Kinamama wa kundi letu la WhatsApp wanasema mzungu ni mzungu, nimechelewa kujua. Na kijana wangu, miaka 15, ambaye Sue ndiye aliyenishika mkono usiku wa kumzaa, hataki tena kukanyaga kwake. Shuleni kuna aliyemwambia arudi kwao. Kwao ni Hull!

Nimsamehe? Nimuache? Au nijifanye hakuna kitu, maana Jumapili zinakuja tu?

Binti wa Kipini, Hull

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama mahali pamoja. Si kwenye bendera. Bendera iache, nitakwambia baadaye. Nilikwama kwenye neno "tofauti".

Nimeishi nchi hii miaka 31, yote Leicester, na neno hilo nimeambiwa na dereva wa teksi, na daktari wa meno, na mama mmoja tuliyekuwa tukipanga naye viti vya harusi. Husemwa kwa mapenzi, na hapo ndipo linapouma, maana huwezi kulirudisha bila kuonekana huna shukrani. Anayekwambia wewe ni tofauti amekupa kibali cha kukaa, amekiandika mwenyewe na kukitia sahihi mwenyewe. Sasa jiulize, afisa wa uhamiaji akifungua faili lako, ataona wapi palipoandikwa "huyu ni shoga wa Sue"? Sheria ikifuta ukaazi hufuta wa wote walio na karatasi ile. Haitapita Hessle Road kuulizia nani alileta kachori.

Kwa hiyo uliposhika mkoba ukatoka, hukukosea. Nakwambia hivi kwa sababu naona barua nzima unamtetea yeye na hakuna mstari mmoja unaojitetea wewe.

Sasa nimgeukie Sue, kwa sababu umeniomba nimjue.

Yeye aliahidiwa jambo mwaka 2016. Aliambiwa tukitoka Ulaya watu wanaoingia watapungua. Tukatoka, tarehe 31 Januari 2020. Waliopungua ni Wapolandi na Waromania. Kisha wakaja wanafunzi kutoka India na Nigeria, wakaja Waukraine waliokimbia vita, wakaja watu wa Hong Kong, na kuanzia Februari 2022 serikali yenyewe ikafungua mlango kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, dada zetu wakiwemo. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, ukitoa waliohama, idadi ya walioongezeka ilipita watu 900,000. Chama kilichoshinda uchaguzi wa 2019 kwa kelele za "tumalize Brexit" ndicho kilichokuwa kwenye usukani. Sue amedanganywa, na ana haki ya kuona amedanganywa. Bahati mbaya ni kwamba waliomdanganya wako mbali, na wewe uko mtaa wa pili.

Tena kuhusu ile bahari. Najua utashawishika kumwambia kwamba aliyefunga maji ni Iceland, nchi ambayo haijawahi kuwa ndani ya Umoja wa Ulaya hata siku moja. Na kwamba baada ya kutoka, mwaka 2021, Kirkella, meli ya mwisho ya aina yake Hull, ilibaki imefungwa kamba bandarini kwa kuwa Uingereza na Norway zilishindwa kuelewana juu ya samaki. Ni kweli yote. Usimwambie. Walau si sasa. Nitakueleza kwa nini, na itabidi nijianike kidogo.

Nilikuwa na shoga hapa Leicester, Mhindi wa Jinja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kitamu kuliko changu. Muhogo kwake ni "mogo" mpaka kesho. Alifika 1972 akiwa msichana, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, katika wale elfu ishirini na kitu waliopokewa Uingereza. Na mwaka ule ule Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Walikuja, wakaujenga. Hilo kila mtu hapa analijua, madukani Belgrave Road wanalisimulia kwa kicheko.

Basi 2016 shoga yangu akapiga kura ya kutoka. Sababu yake? "Nchi imejaa." Kwa maneno hayo hayo! Tulikuwa kwake, chai mezani, wajukuu zake sebuleni. Mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamwambia mbele ya wajukuu: "Hilo tangazo la Argus umelikariri vizuri. Uliliandika wewe?" Wajukuu wakacheka. Yeye hakucheka. Akakusanya vikombe, pamoja na changu ambacho hakijaisha.

Hatukusemezana karibu miaka minne. Na mimi miaka hiyo minne nilikuwa nikisimulia kila mahali jinsi nilivyomshinda, na kila aliyesikia alinisifu. Kisha ikaja korona. Mwisho wa Juni 2020 Leicester ikawa mji wa kwanza kufungiwa peke yake, kwingine kote nchini kunafunguliwa sisi tunafungwa. Siku ya nne nikakuta sufuria mlangoni. Muhogo wa nazi. Hakubisha hodi, hakuacha barua, lakini sufuria ile naijua, ina mpini uliofungwa waya. Nikairudisha na visheti ndani. Hatujawahi kuzungumzia tangazo lile mpaka leo. Nadhani bado anapiga kura vile vile. Ameuguza mguu wangu mwaka jana wiki sita.

Sikukusimulia ili uende na sufuria. Wewe hujamfedhehesha Sue mbele ya mtu, na dhamana yako ni nzito kuliko yangu ilivyokuwa. Mimi nilikuwa na pasipoti tayari. Nimekusimulia ili uone kwamba hoja nzuri inaweza kukunyima mtu na isimbadilishe hata kidogo. Ndiyo maana nasema Iceland iache.

Nachotaka ufanye ni kidogo, na ni kigumu.

Usimseme Jumapili kwenye makao. Pale wewe uko kazini, umevaa sare, na mama yake yuko katikati yenu. Mtumie ujumbe umwombe akupeleke mahali kwa gari. Popote, sokoni, kwa fundi. Watu wawili waliokaa mbele ya gari hawatazamani usoni, na ninyi gari lenu lina historia. Akishatoka barabara kubwa, anza na Agosti 3. Umewahi kumshukuru sawasawa? Nadhani hukupata nafasi, mlikuwa mnatetemeka wote wawili. Mshukuru, na usiweke "lakini" mwisho wake. Nyamaza kidogo.

Kisha toa simu. Tangu kadi zile za ukaazi zilipokufa mwisho wa 2024, hadhi yenu iko mtandaoni. Ifungue, jina lako na picha yako viko pale. Akisimama kwenye taa nyekundu mwonyeshe. Mwambie: "Hii ndiyo iliyotangazwa kufutwa. Uliposema hatimaye, ulisema juu ya hii." Hapo funga mdomo, mwanangu. Usieleze, usilie ukiweza, usimsaidie kujibu.

Kuna uwezekano mkubwa asijue. Usicheke. Waingereza wengi hawawezi kukutofautishia muomba hifadhi na mwenye viza ya kazi na mwenye ukaazi wa kudumu. Hawajawahi kupanga foleni hizo, watajulia wapi? Kwenye televisheni wote ni mashua moja. Huenda Sue akilini mwake "wale" ni wanaume wa hotelini na hakuna karatasi yako popote. Ikiwa hivyo utaiona kwenye mikono yake kwenye usukani, wewe unaijua mikono ile.

Na huenda akajua. Huenda akasema, naelewa ni wewe, lakini bado nitawapigia. Watu wa namna hiyo wapo na si wakatili wote. Hapo utakuwa umepata jibu lako, na urafiki utashuka ngazi mpaka kwenye salamu na afya ya mama. Utaumia. Lakini utakuwa unaumia juu ya jambo unalolijua. Sasa hivi unaumia juu ya neno lililokatizwa mlangoni.

Usimwambie ashushe bendera. Nimesema nitalirudia. Bendera ile kwa mmoja ni mpira, kwa mwingine ni lile jiwe la hotelini, na aliyeitundika ndiye ajuaye nusu tu ya anachosema nayo. Ukimwambia aishushe mtagombana juu ya kitambaa wiki saba nyingine, na kila mtu mtaani atakuwa na la kusema. Mwombe jambo moja tu: asikuambie tena wewe ni tofauti. Ukipata hilo, mengine yatakuwa na mahali pa kuanzia. Ukilikosa, bendera ingeshuka na isingekusaidia.

Mumeo nimemsikia. Ana ukweli mwingi kuliko unavyompa, na yeye hakulala kwenye kiti kile cha nyuma kwa hiyo hana deni. Usimlazimishe amkaribishe. Wale wa WhatsApp wenye "mzungu ni mzungu" waulize mzungu gani: aliyekuja na gari, au yule dada wa Leeds asiyekula Krismasi na nduguye? Katika kila watu watatu waliopiga kura Hull mwaka 2016, mmoja alipiga kama wewe. Halafu mwanangu, sisi tunamwambia nani? Wewe umetoka Kenya 2008. Unakumbuka hali ya mwaka ule. Na huko kwenu Tana Delta, 2012, Wapokomo na Waorma waliouana walikuwa watu waliojua majina ya watoto wa wenzao. Hakuna mzungu aliyekuwepo. Sisemi haya kuwapunguzia Waingereza. Nasema ugonjwa huu sisi si wageni wake, na wewe hasa unaujua unavyoanza, ndiyo maana unahesabu bendera.

Kijana wako hadaiwi na Sue chochote isipokuwa salamu, kwa kuwa Sue ni mtu mzima. Usimtume na chakula, usimfanye mjumbe. Ila maneno aliyoambiwa shuleni mwambie Sue siku ile garini, uyaseme kama yalivyo. Yeye alikuwepo mtoto yule alipotoka tumboni. Asikie kwamba na yeye ameambiwa arudi kwao. Nataka nijue kama atasema yeye pia ni tofauti.

Mama wa Hessle Road endelea naye ulivyo. Sina la kukufundisha hapo. "Wako njiani" ni jibu zuri kuliko lolote ambalo ningelitunga mimi.

Nimebakisha la mwisho, nalo ndilo ningelianza nalo kama usingekuwa na huzuni. Pesa ya uraia. Ukaazi wako wa leo ni halali, hakuna aliyeugusa. Aliyetangaza kuufuta aliingia bungeni mwaka 2024 pamoja na wenzake wanne tu, na uchaguzi ujao unaweza kungoja mpaka Agosti 2029. Lakini chama chake kimekuwa kikiongoza kwenye uchunguzi wa maoni, na wewe umekaa miaka 11 na mlango wazi hujaingia. Najua ada, imepita pauni 1,700 na ni dhuluma. Najua paa la mama. Kenya tangu katiba ya 2010 haikupotezei uraia wako, bahati hiyo Mtanzania mwenzetu hana. Mumeo ana hasira na Sue. Mwambie hasira hiyo aiweke kwenye akaunti, pauni mia kwa mwezi. Na mpaka siku hiyo, kura yako unayo. Bado umo katika Jumuiya ya Madola, na pasipoti ya Kenya inakubaliwa kituoni kama kitambulisho. Mei ile ulipiga, au ulimwachia Sue peke yake?

Ujumbe wa gari mtumie Alhamisi, ili apate siku ya kufikiri kabla ya Jumapili. Fomu ianze leo usiku. Na akishakujibu, niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Bi Mwana